Rangi ya Mpangaji

Mara nyingi jambo hili huanza kwa nia njema pande zote mbili. Kuna jengo la umma, tuseme ukumbi wa zamani wa baraza la mji, mahali fulani kati ya Mtwapa na Malindi. Vyumba vyake vya mbele vimefungwa kwa miaka na ufunguo haujulikani uko kwa nani. Kampuni inakuja kuomba chumba kimoja kiwe ofisi ya kuhudumia wateja. Kodi inayoahidiwa ni nzuri. Siku ya kutia saini, kijana aliyetumwa na kampuni, mwenye adabu zake, anaongeza neno.

"Mzee, tumeona jengo limechakaa. Kampuni ingependa kulipiga rangi lote, kuanzia msingi mpaka chini ya paa. Gharama zote juu yetu."

"Mungu awabariki, mwanangu. Rangi gani?"

"Rangi za kampuni, mzee. Na jina letu hapa juu ya mlango, na kwenye huu ubavu unaotazama barabara."

Mwenyekiti anawatazama wenzake. Mama mweka hazina anauliza kama kamati italipa chochote, anaambiwa hapana. Wote wanakubali. Kikao kinafungwa kwa dua.

Ukumbi huu ni wa mfano. Sikuutoa katika mji wowote na hakuna kamati ninayoisema. Lakini aliyewahi kukaa katika kamati ya soko, ya zahanati au ya shule katika pwani yetu anaijua sauti hiyo, na pengine ameshawahi kuinua mkono kuikubali. Ndiyo maana naomba tuifuate rangi hii tangu siku inapopakwa hadi siku ambayo itabidi ikwanguliwe, kwa sababu anayelipia siku ya mwisho si yule aliyelipia siku ya kwanza.

Kamati ile haikukubali kwa ujinga. Atakayewalaumu hajawahi kutunza jengo karibu na bahari. Kusi ikivuma, ukuta unaotazama maji unakunywa unyevu wa chumvi usiku na mchana. Kisha inakuja kaskazi na jua lake kali, unyevu unakauka, chumvi inabaki ndani ya lipu, na rangi inaanza kuinuka na kubanduka. Penye zege, nondo zinashika kutu, zinafura na kuipasua lipu kutoka ndani. Na katika bajeti ya umma rangi ndiyo ya kwanza kukatwa. Dawa haziwezi kungoja, mishahara haiwezi kungoja, choo kilichoziba hakiwezi kungoja. Rangi inaweza, basi inangojeshwa mwaka hadi mwaka, mpaka watu wanaona haya kuwaleta wageni mahali pao wenyewe. Anayetokea wakati huo na madebe ya rangi anapokewa kwa shukrani ya kweli.

Tatizo ni kwamba kamati imehesabu bei ya rangi na haikuhesabu bei ya ukuta. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, iliweka udhibiti wa matangazo ya nje mikononi mwa serikali za kaunti. Ndiyo sababu mwenye duka mjini Kilifi hulipia kibao chake, na mwenye bango kubwa la barabarani hulipia zaidi. Kuta zina bei, na bei hiyo ni mapato ya wananchi. Kampuni inayopaka jengo zima la umma, lililo kando ya barabara kuu, mahali ambapo kila matatu hupunguza mwendo, imepata tangazo la pande nne, mchana kutwa, kwa muda usio na mwisho, kwa thamani ya madebe kadhaa ya rangi yaliyonunuliwa mara moja. Wale wazee na mama yule walidhani wamepewa kitu. Walikuwa wameuza, na bei hawakuiuliza. Rahisi ghali, walisema waliotutangulia.

Halafu kuna suala la muda, na hapo historia ya biashara ya simu nchini Kenya inatosha kuwa mwalimu. Kampuni iliyoanza mwaka 2000 kwa jina la Kencell iligeuka Celtel mwaka 2004, ikawa Zain mwaka 2008, ikawa Airtel mwaka 2010. Majina manne katika miaka kumi, na kila jina lilikuja na sura yake. Shirika la umma la posta na simu lilipogawanywa mwaka 1999, upande wa simu ukawa Telkom Kenya. Mwaka 2008, baada ya France Télécom kununua sehemu kubwa ya hisa, likaja jina la Orange na rangi yake ya chungwa. Mwaka 2017 jina la Telkom likarudi, na rangi nyingine tena. Hakuna kosa katika hayo. Kampuni huuzwa na kununuliwa, na mnunuzi ana haki ya kuiita mali yake jina alipendalo.

Lakini ukumbi wetu wa mfano haukuwa mali ya kampuni. Kama ungempa mpangaji wa namna hiyo ukuta wake mwaka 2001 bila kuandika mwisho wa ruhusa, kufikia mwisho wa mwaka 2010 ungekuwa umebadilishwa uso mara tatu baada ya ile ya kwanza, na kamati isingekuwa na karatasi ya kumwonyesha mtu kwamba ilipaswa kuulizwa. Ruhusa iliyotolewa kwa mdomo kwa kampuni moja ingekuwa imerithiwa na kampuni nyingine, na nyingine, na watu ambao hawakuwahi kukanyaga pwani hii. Na pale ambapo mpangaji anahamia jengo jipya lenye maegesho ya magari, anabeba meza na kompyuta zake na kuuacha ukuta kama ulivyo. Jina la biashara iliyokwisha kufa linabaki juu ya mlango wa umma.

Hata sheria inaweza kubadilika ukuta ukiwa bado umevaa tangazo. Wengi wetu tunakumbuka sigara zilivyotangazwa kwa michoro mikubwa kwenye kuta za maduka. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 ilipiga marufuku matangazo hayo. Mwenye ukuta aliyekuwa amefurahia rangi mpya akajikuta anamiliki kitu kilichokatazwa, na rangi ya kukifunika ilikuwa juu yake.

Muulize fundi rangi yeyote, atakueleza kwa nini kufunika si kazi ndogo. Nyekundu nzito au kijani kikali hakizimwi kwa koti moja ya nyeupe, kitachungulia tu. Ukuta unakwanguliwa, unapigwa msasa, unapakwa koti ya kuziba, ndipo zinakuja koti mbili au tatu za rangi yenyewe. Ikiwa ya kampuni ilikuwa rangi ya mafuta, rangi ya maji haishiki juu yake bila kazi yote hiyo. Kuirudisha nyumba ilivyokuwa kunaweza kula fedha nyingi kuliko ambazo kamati ingetumia kuipiga rangi siku ile ya mwanzo ilipodhani haina uwezo.

Mji wa Malindi una sababu ya kuyajua haya kuliko miji mingi. Vasco da Gama alifika hapa Aprili 1498, akitoka Mombasa ambako hakuelewana na wenyeji. Mfalme wa Malindi alimkirimu na kumpatia rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Mgeni aliacha nguzo ya jiwe yenye nembo ya mfalme wa Ureno na msalaba juu yake, jiwe lililoletwa kwa meli kutoka kwao. Ilisimamishwa kwanza karibu na makao ya mfalme. Waislamu wa mji hawakuridhika kuiona alama ile mlangoni pa mtawala wao, ikaondolewa, na baadaye ikasimamishwa upya penye mwamba unaoingia baharini, pale ilipo leo.

Kila nikipita pale nawaza juu ya mfalme yule zaidi kuliko juu ya nahodha. Alikuwa mwenyeji, alikuwa na mji, misikiti, biashara na majirani wa kushindana nao, na urafiki na Wareno huenda ulimfaa dhidi ya Mombasa. Aliruhusu jiwe. Zaidi ya miaka mia tano imepita, na watalii na watoto wa shule wanaopiga picha chini ya mnara ule wote wanaweza kulitaja jina la mgeni. Ni wangapi kati yao wanaoweza kulitaja la mwenyeji? Wenye mji walioguna siku zile waliona jambo ambalo wakuu wao hawakulipa uzito: alama iliyowekwa mlangoni humwambia apitaye kwamba hapa pana mwenyewe, na mwenyewe ndiye aliyeandikwa.

Lakini kisa kikubwa zaidi cha mpangaji katika pwani hii ni cha karne ya kumi na tisa, nacho nataka kukieleza polepole, kwa sababu kilihusu mkataba ulioandikwa na mtu mwerevu.

Tarehe 24 Mei 1887, Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar aliwapa wafanyabiashara wa Uingereza, wakiongozwa na Mskoti William Mackinnon, haki ya kuendesha utawala wa ukanda wa pwani kuanzia Mto Umba hadi Kipini, kwa miaka 50. Mwaka uliofuata wafanyabiashara hao walipata hati ya malkia wao na chama chao kikawa Imperial British East Africa Company. Ndani ya ukanda huo mlikuwa na Mombasa, Takaungu, Malindi na Mambrui. Kampuni ingekusanya ushuru wa forodha na kumlipa Sultani haki yake. Na Barghash alihakikisha limeandikwa sharti moja ambalo kamati ya ukumbi wetu ililisahau: utawala ungeendeshwa kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Alikodisha vyumba. Uso wa nyumba aliubakiza wake.

Barghash alifariki mwaka 1888. Mwaka huohuo Kampuni ikatoa sarafu za Mombasa zenye jina lake, na hizo ndizo zilizoingia mifukoni na sokoni, mahali ambapo bendera ya mlingotini haifiki. Ikaweka maofisa wake katika miji. Jengo la zamani la ofisi ya Mkuu wa Wilaya mjini Malindi, ambalo leo linalindwa kama turathi, lilianza katika siku za Kampuni hiyo. Mwananchi aliyekuwa na shauri la shamba au la mtumwa aliyetoroka aliona nani anayekaa mezani, na akajifunza upesi kwamba huko ndiko kwa kupeleka maneno.

Mwanzoni mwa mwaka 1895 akafariki Salim bin Khamis, mtawala wa Takaungu wa ukoo wa Mazrui. Kampuni ilimuunga mkono mwanawe, Rashid bin Salim, dhidi ya Mbaruk bin Rashid, aliyekuwa mkubwa kwa umri na aliyejiona mwenye haki zaidi kwa desturi ya ukoo. Hapo mpangaji, aliyekuja kufanya biashara, sasa anaamua nani akae kwenye kiti cha wenyeji. Likazuka lile tunaloliita vita vya Wamazrui, likaenea hadi Gazi kwa Mbaruk mwingine, likaendelea hadi mwaka 1896. Takaungu haiko mbali na barabara ya kwenda Kilifi, na kila siku maelfu huipita bila kujua kwamba pale ndipo palipoanzia.

Wakati huo Kampuni ilikuwa hoi. Ilikuwa imetumia fedha nyingi Uganda na barani, na haikuwa na mapato ya kuzirudisha. Mwaka 1895 ikaondoka, miaka 8 tu katika ile 50, na Serikali ya Uingereza ikachukua nafasi yake. Sasa isikilizeni hesabu ya mwisho. Kampuni ililipwa pauni 250,000 iachie kila kitu. Katika hizo, pauni 200,000 zilitoka katika fedha za Sultani wa Zanzibar, zile zilizotokana na malipo ya Wajerumani kwa pwani ya Tanganyika. Mwenye nyumba alimlipa mpangaji ili mpangaji atoke. Naye hakurudishiwa nyumba, maana aliingia mpangaji mwingine, aliyekubali kulipa pauni 11,000 kwa mwaka kwa ukanda wenyewe na 6,000 nyingine kama riba ya zile 200,000. Mpango huo ulidumu hadi uhuru wa mwaka 1963.

Najua ukumbi wa mji mdogo haulingani na ukanda wa pwani, na sitaki kumtwisha kijana wa mauzo dhambi za karne nyingine. Nimekieleza kisa hiki kwa sababu kinaonyesha njia. Barghash aliilinda bendera kwa maandishi na bado gharama ya kuachana ikawaangukia warithi wake. Sisi hata bendera tunaitoa kwa shukrani. Tukifikia siku ya kuachana tutashika nini mkononi?

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya fedha. Jengo la umma ni mahali ambapo mtu asiye na kitu huenda kumlalamikia mwenye kitu. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadhara juu ya malalamiko ya wakazi wa Magarini dhidi ya viwanda vya chumvi, malalamiko ya ardhi, ya maji na ya mazingira. Watu walitoka vijijini wakaja kusema mbele ya makamishna. Sisemi kwamba kiwanda chochote kilipaka jengo lolote rangi. Nasema tu tumfikirie mama wa Marereni aliyefunga safari na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki, amefika mjini, ameuliza ofisi iko wapi, akaonyeshwa jengo lenye rangi na jina la kampuni ileile aliyokuja kuishtaki. Ataingia? Wapo watakaoingia. Wengi watasimama upande wa pili wa barabara, watalitazama jengo, na watarudi nyumbani. Hakuna askari aliyewafukuza. Ukuta umewaambia kwamba shauri lao limekwisha kuamuliwa.

Na haihitaji kiwanda cha chumvi. Mtu aliyekatwa fedha kwenye simu yake, mtu aliyekopeshwa kwa riba asiyoielewa, mvuvi anayelalamika kwamba hoteli imemfungia njia ya kwenda ufukweni: kila mmoja wao anahitaji kufika mahali ambapo kwa kutazama tu anajua si pa upande wowote. Nyeupe ya chokaa, au rangi yoyote iliyoamuliwa na wananchi wenyewe, hufanya kazi hiyo bila kusema neno. Ndiyo kazi ya kwanza ya rangi kwenye jengo la umma, na hakuna kampuni inayoweza kuifanya kwa rangi yake hata ikiwa na moyo safi kiasi gani.

Kwa majengo ya kale kuna hatari nyingine, ya ukuta wenyewe. Nyumba zetu za zamani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa, si kwa saruji. Ukuta wa namna hiyo huvuta unyevu kutoka ardhini na hewani, kisha huutoa nje kupitia lipu ya chokaa. Ukiufunika kwa rangi ya mafuta, au kwa rangi ya plastiki inayong'aa ambayo kampuni huipenda kwa sababu haififii upesi, unyevu unakwama ndani. Chumvi inajikusanya nyuma ya rangi, inakuwa chenga, inaisukuma lipu mpaka inaachana na jiwe. Kwa nje tangazo linang'aa mwaka mmoja au miwili huku nyuma yake ukuta unageuka unga. Siku linapodondoka linadondoka na kipande cha jengo, na hapo hakuna tena rangi ya kurudisha, panahitajika fundi wa chokaa, nao mafundi wa chokaa si wengi.

Ile Nyumba ya Nguzo ya Malindi inayotazama bahari imepitia mikono mingi. Ilijengwa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na mfanyabiashara wa Kihindi, ikawa hospitali ya mji, ikawa ofisi ya Idara ya Uvuvi, na tangu mwaka 2004 ni Makumbusho ya Malindi. Wapangaji wote hao waliingia na kutoka, na nguzo bado zinatambulika kuwa nguzo za nyumba ileile. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Taifa ya mwaka 2006 inakataza kubadilisha jengo lililotangazwa kuwa turathi bila idhini. Lakini majengo mengi ya umma katika Takaungu, Mambrui na Malindi kongwe hayajatangazwa hivyo, ingawa yamejengwa kwa mawe na chokaa ileile. Yanalindwa na kamati tu. Na mwaka 2024 mji wa kale wa Gede uliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Wageni wanaokuja kuuona watapita katika miji yetu iliyo hai pia, na kuzisoma kuta zake.

Yapo mamlaka yaliyojaribu kuzirudisha kuta zote kwa mkupuo. Mwaka 2018 Kaunti ya Mombasa iliamuru majengo ya katikati ya jiji yapigwe nyeupe yenye mapambo ya buluu, na walioagizwa kulipia ni wenye majengo. Mji ulipata sura moja, na majina ya biashara yakapungua ukubwa. Naona nia yake ilikuwa sahihi. Naona pia ilikuwa mzigo kwa mwenye nyumba mdogo aliyelazimika kutafuta fedha za rangi ambayo hakuichagua. Amri kubwa huja pale ambapo maamuzi madogo yameachwa kwa miaka, na ni nafuu zaidi kukataa ukuta mmoja leo kuliko kuagiza jiji zima lipakwe upya kesho.

Kwa hiyo kijana yule wa kampuni ajibiwe nini? Asifukuzwe. Kodi yake inahitajika, na huduma anayoleta huenda inahitajika pia. Ajibiwe kwamba chumba ni chake kwa muda wa mkataba, na ndani ya chumba apake apendavyo. Nje apewe nafasi ya kibao kimoja, cha kipimo kilichoandikwa, juu ya mlango wake mwenyewe na si juu ya mlango wa jengo, na kibao hicho akilipie ada ileile anayolipa mwenye duka jirani. Kama kweli kampuni inataka kulisaidia jengo, basi inunue rangi ambayo kamati imeichagua, ya aina ambayo fundi amesema inaufaa ukuta ule, na iwekewe kijibao kidogo cha shukrani ukumbini, ndani, chenye mwaka. Nimesikia watu wakisema hakuna kampuni itakayokubali hivyo. Itakayokataa imekwisha kueleza ilichokuwa inanunua.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na methali hiyo inazihusu kuta kama inavyozihusu ng'ombe na fedha. Kabla ya mpangaji kuingia, jengo lipigwe picha pande zote na picha ziambatishwe kwenye mkataba. Mkataba useme kwamba ruhusa ya kibao ni ya kampuni hiyo kwa jina hilo, na jina likibadilika au kampuni ikinunuliwa, ruhusa imekwisha na maombi yaanze upya. Useme nani anaondoa kibao, kwa siku ngapi, na ukuta urudishwe kwa rangi gani na kwa koti ngapi. Na amana ya kazi hiyo ilipwe mwanzoni, si mwishoni, iwekwe katika akaunti ya umma na si mfukoni mwa mtu, maana mpangaji aliyekwisha kuhama hapokei simu. Kamati zetu hubadilika kila baada ya miaka michache. Mwenyekiti aliyekubali leo hatakuwepo siku ya kukwangua, na atakayekuwepo atahitaji karatasi ya kushika. Nakala yake ibandikwe ukutani mwa ukumbi, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo muuza samaki anaweza kuzisoma bila kuinama, pamoja na kiasi cha kodi na tarehe mkataba unapokwisha.